Riwaya za barua: nadai ziliandikwa ili zirudiwe. Nipingeni

Mpenda Kurasa

Wakuu, salaam.

Nina hoja ya vitabu imenikaa kichwani muda sasa. Kuna zile riwaya ambazo hazina msimulizi anayejua mambo yote. Kuna barua tu: huyu kaandika, yule kapokea, nawe msomaji unachungulia. Nadai kwamba hizi ndizo riwaya zinazolipa kuliko zote ukizirudia, na kwamba aliyezisoma mara moja amefika nusu ya njia.

Sababu yangu ni hii. Msimulizi wa kawaida huanza kusimulia mambo yakiwa yameshapita. Ndiyo maana anaweza kukudokeza mapema kwamba fulani hatarudi. Mwandika barua hana uwezo huo. Anapotia saini bado yumo ndani ya jambo lenyewe, hajui kesho italeta nini. Mara ya kwanza nawe hujui, kwa hiyo mnapapasa pamoja. Mara ya pili yeye bado hajui, ila wewe unajua. Hapo kila tumaini analoliandika linakuchoma, na kila uongo anaojidanganya unauona.

Chukueni Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897. Watu wanakumbuka meno na damu, wanasahau kwamba kitabu kizima ni rundo la karatasi: shajara, barua, telegramu, vipande vya magazeti, mpaka maneno ya daktari aliyoyarekodi kwenye fonografu. Jonathan Harker akiwa kafungiwa kasrini, mwenyeji wake, Dracula mwenyewe, anamtaka aandike barua tatu kwa mkupuo. Ya kwanza iseme kazi inakaribia kwisha, ya pili iseme anaondoka kesho yake, ya tatu iseme ameshatoka na amefika mji wa Bistritz. Tarehe anapangiwa: Juni 12, Juni 19, Juni 29. Harker anaelewa papo hapo kwamba ameonyeshwa mwisho wa maisha yake. Nilipoisoma mara ya kwanza niliipita mbio, nikitaka kujua atatorokaje. Safari ya pili nilisimama hapo kwenye tarehe. Jamaa anauawa kwa kalenda, na kalamu ameshika mwenyewe.

Halafu tazameni jambo jingine. Kikosi kinachomwinda Dracula kinaanza kumwelewa adui pale Mina, mke wa Harker, anapokaa kwenye taipureta, akazichapa karatasi za kila mtu na kuzipanga kwa tarehe ili wote wazisome. Yaani wahusika wenyewe wanapata nguvu kwa kurudia kusoma!

Karibuni. Nimejiandaa kupigwa.

Jiwe la Mto

Mkuu, hoja tamu lakini mimi sinunui. Vitabu ambavyo sijavisoma ni vingi kuliko umri wangu, halafu nirudie nilichokwisha kukisoma? Hiyo ni anasa ya wenye muda.

La pili, riwaya za barua zina kasoro ambayo hamtaki kuitaja. Haziaminiki. Nani anaandika barua ya kurasa arobaini yenye mazungumzo neno kwa neno, huku nyumba inaungua? Henry Fielding aliliona hilo tangu 1741 akaandika kitabu kizima cha kulikejeli, Shamela, ambamo binti yuko kitandani anaandika kwamba bwana mkubwa ndiyo huyo anaingia mlangoni sasa hivi. Kalamu haijamtoka mkononi! Nilicheka mpaka basi, na tangu siku hiyo siwezi kusoma riwaya ya barua bila kujiuliza huyu mtu wino anaupata wapi.

Bundi wa Usiku

Jiwe, umegusa penyewe. Ila tuweke historia sawa kwa ajili ya wanaopita kimya kimya.

Kitabu alichokikejeli Fielding ni Pamela cha Samuel Richardson, kilichotoka 1740. Richardson alikuwa mpiga chapa huko London, mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, hakuwa na jina lolote la utunzi. Wachapishaji wawili walimwomba awatungie kitabu cha barua za mfano, cha kuwasaidia watu wasiojua waandike nini wakitaka kuomba kazi au kumwonya mtoto. Katika kuandika barua za namna hiyo akapata wazo la msichana mtumishi anayesumbuliwa na bwana wake, na hilo likawa riwaya. Kitabu cha barua za mfano chenyewe kilikuja kutoka mwaka uliofuata.

Baadaye akaandika Clarissa, 1747 hadi 1748, mabuku saba, barua zaidi ya 500. Hicho kilitoka kwa mafungu, na katikati ya mafungu wasomaji walikuwa wanamwandikia Richardson wakimsihi amwokoe Clarissa. Aliwajibu kwa adabu zote, na shauri lao hakulifuata. Fikirieni hilo: wasomaji wa riwaya ya barua wanamjibu mwandishi kwa barua.

Kuhusu kuaminika, Richardson alijua anachokifanya. Alitaka maandishi ya papo kwa papo, moyo ukiwa bado unadunda. Hilo lina gharama yake, na gharama ndiyo hiyo aliyoichekelea Fielding.

Dada wa Rafu

Naomba niingie na kitabu ambacho kinamjibu Jiwe la Mto moja kwa moja kwenye suala la kuaminika.

Une si longue lettre ya Mariama Bâ, Senegali, 1979. Kwa Kiswahili ipo kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye amefiwa na mume wake, Modou. Yuko eda, miezi minne na siku kumi, haendi popote. Anamwandikia rafiki yake wa tangu utotoni, Aissatou, anayeishi Marekani. Basi. Huyo ndiye mtu mwenye sababu na nafasi ya kuandika barua ndefu. Muda anao, huzuni anayo, na wa kuambiwa yupo mbali. Hakuna nyumba inayoungua, Jiwe. Nyumba ilishaungua miaka mitano nyuma, Modou alipomwoa Binetou, rafiki wa binti yao mwenyewe.

Sasa sikilizeni nilichokiona niliporudia. Tangu mwanzo Ramatoulaye anasema kwamba kama jibu la barua aliyoipokea anaanza daftari. Daftari! Kisha anamsimulia Aissatou mambo ambayo Aissatou anayajua kuliko yeye: jinsi Aissatou mwenyewe alivyoolewa na Mawdo, jinsi mama mkwe alivyomlea msichana mwingine kwa subira ili aje kuwa mke mwenza, jinsi Aissatou alivyochukua wanawe wanne akaondoka. Mpaka barua ya kuachana ambayo Aissatou alimwandikia Mawdo, anainakili yote ndani ya barua yake. Mara ya kwanza nilisema, mbona anamwandikia mtu habari za mtu huyohuyo? Ni ujanja wa mwandishi wa kutupa habari sisi.

Safari ya pili nikaona kitu tofauti kabisa. Ramatoulaye alibaki kwenye ndoa. Rafiki yake aliondoka. Kuinakili ile barua ni kujipima: maneno haya yalitoka kwa mwanamke mwenye maumivu kama yangu, mimi yalinishinda. Anaisoma tena barua ya mwenzake mbele ya macho yetu.

Na mwisho wa kitabu Aissatou anakuja. Kesho yupo. Watakaa, watazungumza ana kwa ana. Sasa barua hii itatumwa wapi? Haihitaji stempu tena. Alichokiita barua kilikuwa ni njia yake ya kuvuka eda.

Jiwe la Mto

Dada, hapo kwenye daftari umenipata kidogo. Kidogo tu.

Kobe Haharakishi

Mpenda Kurasa umesahau mfalme wa uwanja. Les Liaisons dangereuses, Ufaransa, 1782, barua 175, na mwandishi wake Laclos alikuwa afisa wa mizinga. Naona askari yule alikipanga kitabu kama anavyopanga mizinga, kila barua imeelekezwa mahali.

Nitawapa mfano mmoja unaomaliza ubishi. Valmont, bwana mtongozaji, amekesha na kahaba aitwaye Émilie. Akiwa naye kitandani anamwandikia Madame de Tourvel, mwanamke mcha Mungu anayemtafuta kwa udi na uvumba, na mgongo wa Émilie ndio meza yake. Barua hiyo, ya 48, imejaa maneno ya moyo unaowaka, usiku usio na usingizi, mkono unaotetemeka, na meza ambayo haijawahi kutumika kwa kazi kama hii. Tourvel ataisoma kama kilio cha mapenzi. Lakini Valmont ameipitisha kwanza kwa Madame de Merteuil, mshirika wake katika hila, ikiwa wazi, ili aicheke kabla ya kuituma. Nasi tumeshaambiwa siri yote kwenye barua ya 47. Kwa hiyo barua ni moja, maneno ni yaleyale, wasomaji ni watatu, na kila mmoja ana kitabu chake mkononi.

Mnaona alichofanya Laclos? Anakufundisha kusoma mara mbili hata kabla hujamaliza mara ya kwanza. Ukifika mwisho ukarudi barua ya kwanza, ile ya Cécile mdogo katoka kwa watawa anafurahia nguo na chumba chake mwenyewe, unataka umpigie kelele afunge mlango.

Hata dibaji ziko mbili zinazopingana. Mhariri anasema barua ni za kweli, yeye kapunguza tu. Mchapishaji anasema hizi ni riwaya tu msidanganyike. Huyo Laclos alikuwa mtundu.

Mpenda Kurasa

Kobe, nilikuwa nimekuwekea nafasi hiyo, nilijua utakuja 😂

Sauti ya Chini

Mimi ni msomaji wa pembeni humu, leo naomba kuchangia kinyume. Kurudia si kila siku kunaongeza utamu. Wakati mwingine kunautoa.

(Tahadhari: nafichua mwisho wa Daddy-Long-Legs. Asiyetaka kumaliziwa uhondo aruke.)

Kitabu cha Jean Webster, 1912. Judy Abbott, yatima, anasomeshwa chuo na mfadhili asiyemjua. Sharti ni kwamba amwandikie kila mwezi, na asitarajie kujibiwa. Alichowahi kukiona ni kivuli chake ukutani, miguu mirefu kama buibui. Barua za Judy zina ucheshi wa ajabu na vichoro vyake vya mkono. Kwa mara ya kwanza nilikipenda kitabu hicho kupita kiasi. Mwishoni mfadhili anajulikana: ni Jervis, yule bwana ambaye amekuwa akimtembelea Judy, na Judy akimsifia ndani ya barua hizohizo.

Sasa rudi mwanzo ukijua hilo. Kuna mahali Judy amealikwa likizo na familia ya rafiki yake, na huko yupo kaka wa rafiki huyo. Amefurahi vibaya mno. Ghafla katibu wa mfadhili anaandika kwamba bwana hapendi, aende shambani Lock Willow kama kawaida. Hakuna sababu inayotolewa. Msomaji wa mara ya kwanza anaona mzee mkali mwenye wasiwasi. Msomaji wa pili anamwona mwanamume mwenye wivu anayetumia ada ya shule kumzuia msichana asikutane na kijana mwingine, kisha baadaye anatokea Lock Willow kana kwamba ni bahati tu.

Yeye alikuwa anasoma barua zote. Judy hakuwa na hata moja ya kwake. Sijui kama Webster alitaka nimchukie Jervis kiasi hiki. Ila siwezi kurudi nyuma.

Bundi wa Usiku

Sauti ya Chini, kwa mchango huu ulikuwa umejificha wapi miaka yote? Hiyo ya upande mmoja ndiyo naiona yenye nguvu zaidi katika aina hii. Anayejibu hayupo, au majibu yake hatuyaoni, na pengo lile ndilo linalokuvuta urudi.

Werther ya Goethe, mwandishi wa Kijerumani (1774), ni hivyohivyo. Barua ni za Werther, nyingi ni za kwa rafiki yake Wilhelm, na Wilhelm hatumsikii kamwe. Tunamsikia kwa mbali tu, pale Werther anapojibu ushauri ambao ni wazi hakuupenda. Jaribu kurudia kitabu hicho kazi yako ikiwa moja, kukisia Wilhelm aliandika nini. Utagundua kuna rafiki mwenye akili timamu aliyekuwa anapiga kelele muda wote: ondoka hapo mjini, tafuta kazi, mwache mke wa watu.

Na barua zikikoma, kwa sababu mwandishi wake hawezi tena kuandika, anaingia mhariri kumalizia kwa sauti kavu. Huko kukatika kwa sauti ni pigo kubwa kuliko maelezo ya kifo chenyewe.

Jiwe la Mto

Sawa, hapo nina ushahidi wangu mwenyewe, na unaniumiza maana unawasaidia nyinyi. Werther nilikisoma nikiwa kijana nikaona huyu ndiye mimi, na Albert, mchumba wa Lotte ambaye Werther anampenda, ndiye adui wa dunia. Nimekutana nacho tena ukubwani nikajikuta niko upande wa Albert. Mtu mstaarabu, mchapakazi, anamkaribisha Werther nyumbani kwake, anamvumilia kupita ubinadamu. Na mpaka bastola aliyoitumia Werther iliazimwa kwa Albert! Huyo Werther nilitaka nimtikise mabega.

Kitabu ni kilekile. Basi mimi ndiye niliyebadilika. Lakini bado nauliza: je, hilo ni sifa ya riwaya za barua au ni sifa ya kuzeeka?

Mpenda Kurasa

Mkuu, swali zuri na sitalikimbia. Hata Goethe mwenyewe alilipata. Aliandika kitabu hicho akiwa na miaka 24, na 1787 akatoa toleo alilolirekebisha, ambamo Albert anatoka vizuri zaidi kuliko mwanzo. Mwandishi alikisoma tena kitabu chake na akahamia upande wako.

Kwa nini nasema barua inachangia: kwenye riwaya ya kawaida kuna msimulizi katikati, na mara nyingi ameshakuamulia nani mbaya nani mwema. Kwenye barua hayupo. Albert hajawahi kupewa ukurasa wa kujitetea. Tunamjua kwa maneno ya mtu anayemwonea wivu. Ulipokuwa kijana ulimwamini shahidi. Ukubwani umeanza kumhoji. Riwaya ya barua ni ushahidi bila hakimu, na hakimu anayekuja mara ya pili si yule wa mara ya kwanza.

Mjukuu wa Bibi

Habari zenu wakubwa zangu. Naomba kuuliza, mbona hamjataja The Color Purple ya Alice Walker? 1982, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Celie anamwandikia Mungu kwa sababu ameonywa asimwambie mtu yeyote mwingine. Mimi kinachonikamata ni barua za mdogo wake, Nettie, ambazo mume wa Celie amezificha miaka na miaka. Zikipatikana zinakuja zote kwa pamoja, Celie anasoma mambo ya zamani kama habari mpya.

Na tazameni anavyobadilisha wa kumwandikia. Anaanza na Mungu, akizipata barua za Nettie anaanza kumwandikia Nettie, na barua ya mwisho anaiandikia kila kitu: Mungu, nyota, miti, anga, watu. Ukirudia kitabu ukasoma mistari ya kwanza tu ya kila barua, unaiona safari yote.

Dada wa Rafu

Mjukuu, karibu sana mwanangu, na umesema vizuri. Ongeza hiki: mwanzoni Celie hatii saini. Ukifika ile barua anayomwandikia Nettie kutoka Memphis, anaweka jina lake, la kampuni yake ya kushona suruali, na anwani. Mtu aliyeanza bila jina sasa ana anwani! Kwa mara ya kwanza nilipita hapo bila kusimama.

Na kwa wanaosema kurudia ni anasa ya kigeni: Utendi wa Mwana Kupona, 1858, ni nini kama si barua? Mama anaumwa, anamwita binti yake aje na wino na karatasi, ana neno la moyoni. Watu wameukariri vizazi na vizazi. Aliyeukariri ameurudia mara ngapi? Usikubali mashauri yake yote, mimi mwenyewe kuna beti nabishana nazo, lakini nazo nabishana kwa kuwa nazijua.

Sauti ya Chini

Dada hapo kwenye "nabishana nazo" 👏🏾

Mpita Njia

Wakuu ipo ya Lionel Shriver, We Need to Talk About Kevin (2003). Eva anamwandikia mumewe Franklin kuhusu mtoto wao aliyeua wenzake shuleni. Mwisho wake ni kwamba

Kobe Haharakishi

ISHIA HAPO HAPO.

Mpita Njia

😂😂 Nimeishia. Nasema hivi tu: ukimaliza, rudi barua ya kwanza, usome tena namna Eva anavyomsemesha mumewe. Siongezi neno.

Jiwe la Mto

Haya, nimelegea, sijaanguka. Tuseme nakubali kurudia kitabu kimoja kwa heshima ya uzi huu. Nina Laclos kabatini, nilikisoma zamani na kukisahau. Nikirudie vipi ili nisione napoteza muda? Kuanzia barua ya kwanza hadi ya 175 tena?

Kobe Haharakishi

Hapana mkuu. Ndiyo raha ya riwaya za barua, unaweza kuzifumua. Chagua mhusika mmoja usome zake tu, ruka za wengine. Soma za Tourvel peke yake: utaona mtu anayeandika kukataa, na kila anapokataa bado anaendelea kuandika. Anayekataa kweli anaandika mistari miwili. Tangu hapo hutauliza tena kwa nini Valmont hakukata tamaa.

Halafu soma za Merteuil kwa kuangalia anamwandikia nani. Kwa Valmont ni kisu. Kwa mama yake Cécile ni mjane mwenye heshima zake. Wiki moja, mwanamke mmoja, miandiko miwili ya roho.

Jiwe la Mto

Na nikianza na za Danceny?

Kobe Haharakishi

Danceny, yule kijana anayempenda Cécile, peke yake utapitiwa na usingizi, analia tu. Anza na ya 81, Merteuil anapoeleza jinsi alivyojifundisha tangu msichana kuficha uso wake. Ukiimaliza hiyo ukaweza kukifunga kitabu, nitakiri humu hadharani kwamba umetushinda.

Jiwe la Mto

Nimeimaliza. Naenda ya 82.